Nyeusi ipi kwa bafle za baba?

Swali la msomaji wa Katuba, Lubumbashi:

"Papa Fundi, jambo sana. Baba alituachia bafle mbili kubwa, masanduku ya spika, alizozinunua miaka ya 1970, wakati akiwa kazini Gécamines. Zilitoka kiwandani zikiwa nyeusi, nyeusi ya kupoa, na ukitazama karibu unaona nyuzi za mbao. Mwaka jana, siku chache kabla ya matanga, baba mdogo alizipaka kwa brashi rangi iliyobaki ya geti. Zikang'aa kama viatu vya askari. Mwezi huu nimenunua bombe la nyeusi, kopo la rangi ya kupuliza, pale soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, nikapuliza. Ubao wa mbele umetoka kijivu chenye mabaka. Ubavuni rangi yote imekunjamana. Pembe moja ya chini pia imevimba, iliwahi kulowa. Nionyeshe bombe lenye nyeusi ya kweli. Nilichukua la bei ndogo, labda ndilo kosa langu."

Jambo sana, mwanangu, na pole kwa kumpoteza mzee.

Bei haina kosa hapa. Nimemaliza kazi nzuri kwa bombe la bei ndogo, na nimeharibu kazi kwa bombe la bei kubwa. Kilichonisaidia katika barua yako ni kwamba umetaja kila ugonjwa na mahali pake: mbele kijivu na mabaka, ubavuni mikunjo. Bombe ni lile lile, mkono ni ule ule, siku ni ile ile. Basi tofauti iko chini ya rangi. Nikikutajia tu jina la kopo nitakuwa nimekutuma sokoni kununua mikunjo mingine.

Tuanze ubavuni. Rangi ya geti ni rangi ya mafuta. Ukiigusa baada ya siku moja haikunati, unasema imekauka. Kukauka imekauka, ila haijaiva. Rangi ya mafuta huiva kwa kuvuta oksijeni ya hewani, kutoka juu kwenda ndani, na ikipakwa nene kwa brashi, ndani yake hubaki laini kwa miezi. Bombe nyingi tunazouziwa ni za akriliki au za selulosi, na kiyeyushi chake ni kikali, ni cha ukoo wa tina, ile thinner ya kuzimulia rangi. Kikitua juu ya rangi ya geti kinapenya, kinaivimbisha, na ngozi ya juu inanyanyuka kama utando wa maziwa yaliyochemshwa yakaachwa yapoe. Hata kopo la Ujerumani lingefanya vile vile.

Hili nililijifunza kwa aibu. Mteja aliniletea kabati la redio lililopakwa rangi ya mafuta wiki tatu kabla. Nikaligusa kwa kiganja: kavu kabisa. Nikapuliza ubavu mmoja, nikageuka kuokota kitambaa, niliporudisha macho rangi ilikuwa inatembea yenyewe, inajikunja mbele yangu kuanzia pembeni kuja katikati. Mwenye mali alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti cha plastiki. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Papa Fundi, hiyo ndiyo mode mpya?" Nilikwangua kabati lile siku mbili, bila malipo.

Mbele ni habari nyingine. Nina hakika baba mdogo hakuondoa kitambaa cha mbele alipopaka, kwa hiyo ubao ule bado una rangi yake ya kiwandani, iliyoiva miaka karibu hamsini. Hapo hakuna cha kukunjamana. Kijivu na mabaka vimetoka kwenye kopo na kwenye mkono wako, na ili nieleze vizuri lazima tuongee kwanza juu ya nyeusi yenyewe.

Umekulia Lubumbashi, kwa hiyo ule mlima wa slagi, mabaki ya kuyeyushia madini, pale kwenye bomba kubwa la moshi la kiwanda unaujua. Mwezi wa nane, ukiwa mkavu, unaonekana kijivu cha majivu. Mvua ya kwanza ikinyesha, mlima ule ule unakuwa mweusi ti. Slagi haikubadilika, umebadilika uso wake. Uso mkavu wenye chembechembe hutawanya mwanga kila upande, na sehemu ya mwanga huo hulifikia jicho lako popote usimamapo, ndiyo hicho kijivu. Uso laini hurudisha mwanga upande mmoja tu, kama kioo, na ukisimama pengine unaona giza tupu. Rangi ya kopo ni hivyo hivyo. Ile isiyong'aa kabisa, mati, huonekana kijivu hata kama masizi yaliyomo ndani yake ni meusi kuliko usiku. Ile ya kung'aa huonekana nyeusi zaidi, lakini inaonyesha kila kovu la ubao. Katikati kuna satini, ambayo wewe mwenyewe umeipa jina zuri kuliko la kiwandani: nyeusi ya kupoa.

Kwa hiyo swali la "nyeusi ya kweli" ligeuze liwe maswali mawili. Mng'ao wa kiasi gani? Na kiyeyushi gani kitapatana na kilichoko chini? Hayo mawili ndiyo yanayochagua kopo. Weusi wenyewe ni jambo la mwisho, na ndilo rahisi kuliko yote.

Kwenye makopo mengi utaona herufi RAL na tarakimu nne. Huo ni utaratibu wa Kijerumani wa kuhesabu rangi, ulianza mwaka 1927, na viwanda vya nchi nyingi vinaufuata. RAL 9005 ndiyo nyeusi inayopatikana kirahisi zaidi, nzito, haielekei rangi nyingine yoyote. RAL 9011 ina ukijivu kidogo wa risasi ya penseli. Kwa bafle zako 9005 itatosha, lakini usidanganywe na namba: inakuambia rangi, haikuambii mng'ao. Makopo mawili ya 9005, moja mati na moja la kung'aa, ukiyapuliza kando kwa kando hakuna atakayeamini ni namba moja.

Mng'ao wa mzee utaupata kwenye bafle yenyewe. Fungua skrubu za spika kubwa, itoe. Chini ya fremu yake kuna pete ya rangi ambayo haijaona jua, wala kitambaa cha kupangusia, wala moshi wa sigara. Hiyo ndiyo nyeusi waliyoipuliza kiwandani. Ipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo ya sabuni, iache ikauke, kisha itazame ukiwa umesimama karibu na dirisha, kwa ubavu. Ukiona kivuli cha kidole chako bila kuona ukucha wake, hiyo ni satini. Ukiona mpaka ukucha, ilikuwa ya kung'aa. Usipoona chochote, mati. Ubao wa mbele unaweza kuwa mati na mbavu zikawa satini. Watengenezaji wengi walifanya hivyo makusudi, ubao wa mbele upotee nyuma ya kitambaa. Ikiwa ndivyo, nunua aina mbili, usilazimishe moja.

Nyuzi za mbao ulizoziona zinanifurahisha, maana zinaonyesha kwamba chini kuna vinia, ngozi nyembamba ya mbao halisi iliyobandikwa juu ya chipubodi (ubao wa chembe za mbao zilizogandishwa), ikapulizwa nyeusi nyembamba. Zile Yamaha NS-10 zilizotoka mwaka 1978, zenye koni nyeupe, ambazo studio za dunia nzima zilikuja kuzitumia, zina weusi wa namna hiyo: ukiinama karibu unauona mti. Ukizijaza nyuzi hizo kwa praima nene, ile rangi ya msingi, bafle itatoka laini na nzuri lakini haitakuwa tena ile ya mzee. Mimi nisingezijaza. (Na kwa msomaji mwingine mwenye bafle za vinia ya mtiki au mjozi iliyo wazi, yenye rangi yake ya mti: weka kopo chini. Nyeusi ni rahisi kuiweka na ngumu kuitoa. Zako, mwanangu, zilizaliwa nyeusi, wewe hutendi dhambi.)

Sasa makopo ya kuepuka, maana sokoni utayakuta kabla ya lile unalolitafuta.

La kwanza ni nyeusi ya bomba la moshi, ile iliyoandikwa nyuzi 600. Inavutia sana, ni mati nzuri, na kila duka la vipuri vya magari linayo. Lakini rangi hiyo ni ya silikoni, imetengenezwa ikazwe na moto wa injini. Ukiipuliza kwenye mbao haitaona moto huo maisha yake yote, na itabaki laini. Utaisogeza bafle, ukucha utaacha mstari. Ya pili ni ile nyeusi ya lami inayopakwa chini ya gari. Joto la mwezi wa kumi likija inanata, na ukitaka baadaye kupaka rangi nyingine juu yake, lami inapenya na kuitia hudhurungi. Ya tatu ni rangi ya ubao wa shule, ambayo imekauka mno: kila mguso wa mkono wenye mafuta hubaki hapo kama alama ya polisi. Halafu kuna kopo lenye kikazio ndani yake, unabonyeza kitako ndipo vinachanganyika. Hilo linatoa rangi ngumu kuliko zote, kweli. Lakini kikazio chake kina isosianati, ambayo ikiingia mapafuni inaweza kukuachia pumu ya maisha. Inataka barakoa yenye vichujio maalumu, siyo ile ya kitambaa, na siyo kitu cha kupuliza uani huku watoto wanacheza. Bafle haipigwi mawe barabarani kama bampa ya gari, ya nini ugumu huo?

Kinachobaki ndicho ninachokuambia ununue: akriliki ya kawaida, satini, RAL 9005. Ukikosa satini, na hapa kwetu utaikosa mara nyingi, chukua nyeusi ya kung'aa ya akriliki pamoja na vanishi ya kopo isiyo na rangi, satini au mati, ya kiwanda kile kile. Mng'ao anaouona mtu ni wa koti la juu kabisa. Nyeusi ya kung'aa ikifunikwa na vanishi ya satini inakuwa satini, na weusi wake unabaki mzito. Mimi binafsi napenda njia hii kuliko satini ya moja kwa moja, maana koti la rangi nikiliharibu nalisugua na kurudia, na mng'ao naupanga mwishoni, mara moja, kwa bafle zote mbili pamoja.

Idadi ya makopo usiibahatishe. Tuseme bafle yako ina urefu wa sentimita 60, upana 35 na kina 30. Mbavu mbili, juu, chini na mbele zinafika karibu mita mraba 0.78, na bafle mbili ni kama 1.56. Makoti matatu yanakufikisha karibu mita mraba 4.7. Kopo la mililita 400 mimi hulihesabia mita mraba moja na nusu kwa koti moja. Ni makopo matatu na kitu, kwa hiyo nunua manne, siku moja, duka moja, yenye namba moja ya toleo iliyopigwa kwenye kitako. Vanishi ongeza mawili. Ukirudi wiki ijayo kutafuta la tano utapewa la toleo lingine, na tofauti yake utaiona kila ukikaa sebuleni.

Kabla ya kupuliza lazima rangi ya geti iondoke. Kuna wanaoshauri uifunike kwa shelaki, aina ya vanishi, halafu uendelee, na inawezekana kweli, shelaki huzuia viyeyushi visipite. Lakini utakuwa umejenga nyumba juu ya uji. Ikwangue. Mikunjo imekwisha kukufanyia nusu ya kazi, itatoka kwa vipande. Maseremala wetu wa zamani walitumia kipande cha kioo cha dirisha kilichovunjwa sawa, na mpaka leo sijaona kitu kinachozidi hicho kwenye vinia: unakishika kwa glavu nene, unakilaza kidogo, unavuta kuelekea kwako kwa kufuata nyuzi. Kinatoa rangi kama maganda ya kitunguu na hakichimbi. Dawa ya kuondolea rangi iepuke, maana inalainisha gundi ya vinia. Maji mengi pia yaepuke, pembe yako iliyovimba ni shahidi.

Ukifika mahali ambapo hujui kama uliyobakiza ni rangi ya geti au ya kiwandani, chovya kitambaa cheupe kwenye tina, kibonyeze hapo kwa sekunde kumi. Rangi ya kiwandani ya selulosi itayeyuka na kukitia kitambaa weusi papo hapo. Rangi ya mafuta haitayeyuka, itavimba na kulegea. Ikiwa hakuna kinachotokea, ni rangi iliyokazwa kwa kemikali, nayo itapokea chochote utakachoweka juu.

Pembe iliyovimba ni chembe za mbao zilizokunywa maji zikafunguka. Hazirudi ndani kwa kupigwa nyundo. Zinyweshe kola (gundi) nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo, zibane kwa vibao viwili na jiriwa usiku kucha, ukitia karatasi ya nailoni katikati ili kibao kisigandane na bafle. Kinachobaki juu kisugue, na shimo lijaze mastiki ya bodi za magari, ile ya kuchanganya na kikazio. Inashika vizuri kuliko mastiki ya maji, na pembe yake haimeguki. Hapo kwenye pembe, na hapo tu, weka praima, kwa sababu chipubodi iliyo wazi na mastiki hunywa rangi kwa viwango tofauti, na nyeusi itakuonyesha mpaka wao kama ramani.

Msasa anza namba 120 penye makovu, nenda 180, malizia 240, siku zote kwa kufuata nyuzi. Kati ya makoti tumia 400. Nyuzi za chuma za kusugulia sufuria zikae jikoni: chembe zake hurukia sumaku ya spika na kuingia kwenye mwanya wa koili, na kutoka huko ni taabu. Kwa hiyo spika zote zitoke kabla ya vumbi la kwanza, ziwekwe chumba kingine, zikitazama juu, zimefunikwa. Piga picha ya nyaya kwa simu kabla ya kuzifungua. Na ukiwa umezishika, gusa kwa kidole ile pete laini inayozunguka koni. Ikiwa ni ya sponji na inamomonyoka kama keki kavu, mpango wako umebadilika, pesa ya kwanza iende kwenye pete mpya, rangi itangoja. Sponji za miaka ile zimeoza karibu zote. Za mpira au za kitambaa huwa zinadumu.

Kuna adui mmoja asiyeonekana. Kwenye nyumba zetu fanicha hupanguswa kwa polishi ya kopo inayonukia limau, na polishi nyingi za namna hiyo zina silikoni. Ikibaki hata tone, rangi ikitua hapo inakimbia, inaacha vijishimo vya duara vyenye ukingo, na ukipuliza zaidi vinaongezeka. Osha mbao kwa kitambaa kilichokamuliwa kwenye maji ya sabuni ya vyombo, kausha, kisha pangusa kwa waiti spiriti, ukigeuza kitambaa kila mara usije ukahamisha mafuta kutoka hapa kwenda pale. Fanya hivyo kabla ya msasa, siyo baada, maana msasa unaisukuma silikoni ndani ya nyuzi. Na waambie watu wa nyumbani wasipulize polishi chumba jirani siku hiyo.

Halafu kuna Lubumbashi yenyewe. Wakati wa mvua hewa imejaa maji. Rangi inapokauka hupoza uso, maji ya hewani yanatua juu yake, na asubuhi unakuta ukungu mweupe ndani ya nyeusi. Mwezi wa saba usiku ni baridi kali na rangi inalala bila kukauka. Mwezi wa nane na wa tisa upepo unaleta vumbi jekundu la barabara, na hakuna rangi inayolionyesha vumbi hilo vizuri kuliko nyeusi mbichi: ni kama mtu amekunyunyizia pilipili. Mimi kazi zangu za nyeusi nazipanga mwisho wa mwezi wa nne na mwezi wa tano, mvua imekatika, vumbi halijaamka. Kama huwezi kungoja, piga kazi asubuhi, saa tatu mpaka saa tano, ndani ya gereji au chini ya paa lenye pande mbili wazi, na mwagia sakafu maji nusu saa kabla. Vumbi likilala, anza.

Katika baridi hiyo najua utashawishika kupasha kopo kwenye mbabula, jiko la makaa. Usithubutu. Gesi inayosukuma rangi ni ya jamii ya gesi ya kupikia, na kopo lenyewe limeandikwa lisizidi nyuzi 50. Liweke dakika kumi kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, ya kuogeshea mtoto. Na mbabula yenyewe, hata ya jirani, iwe mbali na unapopulizia.

Sasa mabaka ya mbele. Kinachofanya satini na mati zising'ae ni unga mwepesi uliochanganywa na rangi, na unga huo hulala chini ya kopo. Mtu akitikisa mara tano akaanza, nusu ya kwanza ya kopo inatoka iking'aa, nusu ya pili inatoka kama chaki. Nadhani hicho ndicho kilichokupata. Tikisa mpaka usikie gololi inagonga, kisha endelea kutikisa dakika mbili nzima ukitazama saa, na rudia kila baada ya mipito michache. Kijivu, kwa upande wake, kinatokana na kusimama mbali. Ukipuliza kutoka sentimita 50, matone yanakauka hewani na kutua kama unga. Pitisha kiganja hapo, nina hakika kinakwaruza kama ulimi wa paka. Habari njema ni kwamba hapo mbele huhitaji kukwangua: sugua kwa 400 mpaka unga uishe, pangusa, puliza upya.

Shika kopo sentimita 20 hadi 25. Anza kubonyeza kabla hujafika kwenye ubao, achia baada ya kuupita, na kila mpito ufunike nusu ya uliotangulia. Mkono wote usogee sambamba na ubao. Ukizungusha kiganja kama mtu anayemwagilia maua, katikati patalowa na pembeni patakauka. Koti la kwanza liwe jepesi kiasi kwamba bado unaona mbao. Wengi wanashindwa hapa, wanataka nyeusi yote kwa mara moja, na rangi inalia machozi. Ngoja dakika 10 hadi 15, la pili, ngoja tena, la tatu. Ubao unaoupuliza ulaze mlalo kila inapowezekana, rangi iliyolala haichirizi. Tazama ukiwa umeinama, mwanga ukitoka upande wa pili: penye unyevu pana mng'ao hafifu unaosogea na mkono wako. Ukiona unakatika, umekwenda haraka mno.

Jambo moja la satini lazima ulijue kabla, la sivyo utalijua kwa hasira: haitiwi kiraka. Rangi ya kung'aa ukiikosea unaisugua na kuipolishi. Satini ukiisugua inang'aa pale pale uliposugua. Kosa likitokea katikati ya ubavu, puliza upya ubavu mzima, kutoka pembe hadi pembe. Kwa sababu hiyo jaribu kwanza mgongoni. Mgongo unatazama ukuta, ndio daftari lako la mazoezi. Funika kwa tepu ile lebo ya kiwanda yenye namba na omu za bafle, kisha puliza pembeni yake mraba wa sentimita 20, makoti yote mpaka vanishi, ungoje siku nzima, halafu ulinganishe na ile pete iliyo chini ya fremu ya spika, mchana kwa jua na usiku kwa taa ya sebuleni. Kama mraba umekunjamana, umetoka kijivu, au umepishana na pete, umepoteza robo ya kopo tu.

Midomo ya matundu ambamo spika hukaa isipate makoti mazito. Nimeona spika ambayo haikuingia tena kwa sababu ya unene wa rangi, mwenyewe akaisukuma, na sanduku likapasuka vinia. Funika ukingo wa ndani kwa tepu, na itoe tepu hiyo rangi ikiwa bado laini, ukiivuta kwa kuikunja juu yake yenyewe.

Baada ya koti la mwisho la vanishi utagusa baada ya nusu saa na kuona pamekauka. Kumbuka rangi ya geti. Akriliki huiva haraka kuliko mafuta, lakini mpe wiki moja kabla ya kurudisha spika, na mbili kabla ya kuweka kitu juu. Wakati huo bafle zisimame kwenye vipande vinne vya mbao, siyo kwenye gazeti, la sivyo utasoma habari za mwaka huu kitakoni mwa bafle mpaka uzeeni. Unaporudisha spika, skrubu zikazwe kwa mikono, moja huku, ya pili upande wa mkabala, kama unavyofunga gurudumu. Na waya mwekundu urudi palepale ulipokuwa kwenye picha. Ukiugeuza kwenye bafle moja tu, besi itapotea, nawe utakuja kuniuliza kama rangi inaua sauti.